"Nani Amekupa Mamlaka?" Swali Lililouzaa Umormoni

Mjadala kuhusu chimbuko la Wamormoni, waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, haufiki mbali kabla ya kukwama kwenye mabamba ya dhahabu, ambayo mwanzilishi wao, Joseph Smith, alisema alionyeshwa na malaika akayatafsiri kuwa Kitabu cha Mormoni. Yalikuwapo au hayakuwapo? Anayeamini anamtaja malaika Moroni na kilima cha Cumorah. Asiyeamini anasema kijana Joseph Smith alikuwa tapeli, na mazungumzo yanaishia hapo, kila mtu na lake. Swali hilo ni halali, lakini hata ukilijibu unavyotaka, bado hujaeleza jambo kubwa zaidi: kwa nini imani hii ilisimama?

Maana magharibi ya jimbo la New York, katika miongo ile ya mwanzo ya karne ya 19, watu waliodai kuongea na mbingu hawakuwa wachache. Jemima Wilkinson alitangaza kwamba amekufa na kufufuka akiwa na roho mpya isiyo ya kike wala ya kiume, akajenga makazi ya wafuasi wake karibu na ziwa Keuka. Dhehebu la Washeka (Shakers) lilicheza ibada zake na kukataa ndoa. Mashariki ya jimbo hilohilo, mkulima William Miller alipiga hesabu za kitabu cha Danieli, na wafuasi wake wakamngoja Kristo hadi tarehe 22 Oktoba 1844. Hakuja, wakasambaratika, na kutoka kwenye mabaki yao likazaliwa kanisa tunalolijua kwetu kama la Wasabato. Katika msongamano wote huo, mtoto wa mkulima fukara asiye na elimu ya kutajika alianzisha kanisa ambalo leo linahesabu waumini zaidi ya milioni 17. Dhahabu haielezi hilo. Maono peke yake pia hayaelezi, kwa kuwa maono yalikuwa kila kona.

Kinachoeleza ni suala la mamlaka. Nani ana haki ya kubatiza? Nani akisema "umesamehewa", mbingu zinamsikia? Joseph Smith alilijibu swali hilo kwa namna ambayo watu wa pale walikuwa na kiu nayo, na naamini historia yote ya mwanzo wa Umormoni, uzuri wake na majeraha yake, inatokana na jibu lile.

Marekani ilikuwa imefanya jambo ambalo Ulaya ilikuwa haijalijaribu kwa kiwango kile. Marekebisho ya kwanza ya katiba yake, ya mwaka 1791, yaliizuia serikali kuu kuanzisha dini ya taifa. Majimbo yaliyokuwa na makanisa yanayolipiwa kodi yakaanza kuyaacha moja baada ya jingine: Connecticut mwaka 1818, Massachusetts mwaka 1833. Ulikuwa ushindi mkubwa wa uhuru, na sina shaka nao hata kidogo. Ila ulizaa pengo. Zamani mchungaji wa kijiji alikuwa na nguvu ya sheria nyuma yake. Sasa Mmethodisti, Mbaptisti na Mpresbiteri walisimama kwenye viwanja vya mikutano ya uamsho, kila mmoja na Biblia ileile mkononi, kila mmoja akisema wenzake wamepotoka. Msikilizaji aende kwa nani, na kwa kipimo gani?

Familia ya Smith iliishi ndani ya swali hilo. Joseph alizaliwa Sharon, Vermont, tarehe 23 Desemba 1805. Baba yake alikuwa amepoteza fedha kwenye biashara ya mizizi ya jinseng iliyopelekwa China, akaishia kulima mashamba ya kukodi. Mwaka 1815 volkano ya Tambora ililipuka huko Indonesia, na majivu yake yakachafua hali ya hewa ya dunia. Mwaka uliofuata kaskazini-mashariki ya Marekani ilipata baridi kali katikati ya kiangazi, na mazao yakaungua kwa jalidi. Wakulima wengi wa Vermont walifunga mizigo, Wasmith wakiwamo, wakahamia Palmyra, mji mdogo ambao mfereji wa Erie ungepita. Walinunua shamba, wakafyeka msitu, wakajenga nyumba, kisha mwisho wa 1825 wakashindwa kulipa na umiliki ukawaponyoka.

Kidini walikuwa wamegawanyika vilevile. Mama, Lucy Mack, alipokuwa bado msichana wa ndoa changa alimtafuta mchungaji ambaye angekubali kumbatiza bila kumfunga na dhehebu lolote. Tendo hilo linaonyesha mwanamke aliyehitaji ubatizo kwa moyo wote na wakati huohuo hakuona kanisa la kuliamini. Baadaye yeye na baadhi ya watoto walijiunga na Wapresbiteri; baba alibaki nje; Joseph mwenyewe aliegemea kwa Wamethodisti bila kuingia. Kisha Novemba 1823 kaka mkubwa, Alvin, nguzo ya nyumba, akafariki ghafla. Mdogo wao William alisimulia miaka mingi baadaye kwamba mhubiri wa mazishi aligusia wazi kuwa Alvin amekwenda motoni, kwa kuwa hakuwa mshirika wa kanisa. Mtu anazika mwanawe, na mtu mwingine aliyesoma chuo anamwambia mtoto huyo ameungua. Ukitaka kuelewa kwa nini Wamormoni hadi leo wanabatiza kwa niaba ya wafu, anzia kwenye jeneza lile.

Sasa nije kwenye upande ambao waumini wengi waliukwepa kwa muda mrefu. Kabla ya kuwa nabii, Joseph alikuwa mtafuta hazina. Vijijini mwa New York na Pennsylvania watu waliamini kwamba kuna dhahabu iliyozikwa na Wahispania au watu wa kale, ikilindwa na mizimu, na kwamba mwenye kipaji anaweza kuiona kupitia jiwe. Joseph alikuwa na jiwe la aina hiyo. Mkulima Josiah Stowell alimwajiri mwaka 1825 kutafuta machimbo ya fedha ya kale, na mwaka 1826 Joseph alifikishwa mbele ya hakimu huko Bainbridge kwa shughuli hiyo. Wapinzani wake wanaona hapo ndipo kesi inapofungwa: mpiga ramli amebadilisha tu biashara. Mimi sioni hivyo. Kwa watu wale, jiwe la kuonea na Biblia havikuwa maadui. Nyumba moja ilivitumia vyote viwili, na shemasi aliyeomba Jumapili aliweza kushika kijiti cha kutafutia maji Jumatatu. Tofauti kali kati ya dini na ramli, tunayoiona leo kuwa ya kawaida, ilikuwa ya wasomi wa mijini.

Smith alisema aliyachukua mabamba Septemba 1827. Kilichofuata kina ushahidi mwingi kuliko watu wanavyodhani. Martin Harris, mkulima mwenye uwezo wa Palmyra, alimsaidia kuandika kurasa 116 za kwanza, akamwomba aazime kwenda kumwonyesha mkewe, na mwaka 1828 zikapotea moja kwa moja. Aprili 1829 akaja mwalimu kijana, Oliver Cowdery, na kazi ikaenda kwa kasi ya kushangaza. Waliokuwapo wanasimulia jambo lilelile: Smith aliweka jiwe ndani ya kofia, akainamisha uso humo kuziba mwanga, akasema maneno, na mwandishi akaandika. Kufikia katikati ya mwaka kitabu kilikuwa kimekamilika. Harris aliweka rehani shamba lake kwa dola 3,000 ili mpiga chapa Egbert Grandin akubali kutoa nakala 5,000, na Machi 1830 Kitabu cha Mormoni kikaanza kuuzwa Palmyra, kikisimulia habari za Waisraeli waliovuka bahari hadi Amerika miaka mingi kabla ya Kristo.

Mmoja wa wakosoaji wake wa kwanza makini, mhubiri Alexander Campbell, aliandika mwaka 1831 kwamba kitabu hicho kimejibu karibu kila hoja iliyokuwa ikijadiliwa New York kwa miaka kumi: ubatizo wa watoto wachanga, Utatu, toba, nani anaweza kuhubiri, hata suala la Wamasoni (Freemasons). Alikusudia kukishusha hadhi. Kwangu, Campbell alieleza bila kutaka siri ya mvuto wake. Watu walikuwa wamechoka kusikia wahubiri wakigongana kwa aya zilezile, na hapa kukawa na kitabu kinachodai kutoka nje ya ugomvi wote, kikikata shauri. Sishawishiki kwamba kina historia ya kweli ya Amerika ya kale. Akiolojia na vinasaba havijakitetea, na nyayo za karne ya 19 zimo humo tele. Lakini neno "utapeli" pia halitoshi. Mashahidi watatu waliotia saini kwamba waliyaona mabamba, Harris, Cowdery na David Whitmer, wote waligombana na Smith na kutengwa au kuondoka kanisani. Wawili walirudi baadaye, Whitmer hakurudi kamwe. Hakuna hata mmoja aliyeukana ushahidi wake, hata walipokuwa na kila sababu ya kumwumbua.

Hata hivyo, kitabu kingebaki kitabu tu kama si tukio la Mei 1829. Wakiwa katikati ya kuandika, Smith na Cowdery walifika kwenye aya za ubatizo wakajiuliza: sisi tutabatizwa na nani? Walikwenda msituni karibu na mto Susquehanna kuomba, na walisema Yohana Mbatizaji aliwatokea, akawawekea mikono na kuwapa ukuhani. Kisha wakabatizana mtoni, kila mmoja akimbatiza mwenzake. Kwa mtazamo wangu hicho ndicho kitovu cha Umormoni. Mamlaka hayakupitia kwa Papa, wala chuo cha teolojia, wala kura ya washirika. Yalikuwa yamepotea duniani, wakasema, na sasa yamerudi kwa mkono wa yule aliyembatiza Yesu. Baada ya hapo ukuhani ulitolewa kwa mkulima, seremala, mfua chuma, yeyote mwanamume aliyeamini. Kanisa lilipoanzishwa kisheria tarehe 6 Aprili 1830 huko Fayette, mtu asiye na cheo chochote mbele ya jamii aliweza kutoka humo akiwa mzee wa kanisa, akashika njia kwenda kuhubiri.

Ndiyo maana imani hii ilienea kama moto jimboni Ohio. Wamisionari wanne walifika Kirtland mwishoni mwa 1830, wakamkuta mhubiri Sidney Rigdon na kundi lake ambalo tayari lilitafuta kanisa la kwanza la mitume lirudishwe. Walikuwa na kila kitu isipokuwa yule wa kuwaambia kwamba ana idhini. Ndani ya wiki chache watu zaidi ya mia moja walibatizwa. Miaka miwili baadaye akaingia Brigham Young, fundi seremala na mpaka rangi.

Lakini ukifungua mbingu kwa kila mtu, utazifungaje? Tatizo lilijitokeza kabla kanisa halijatimiza miezi sita. Hiram Page, mmoja wa mashahidi wengine wanane wa mabamba, alikuwa na jiwe lake mwenyewe na akaanza kupokea mafunuo kuhusu uongozi wa kanisa. Cowdery na wengine wakamwamini. Smith akajibu kwa ufunuo mwingine: kila muumini anaweza kupata mwongozo kwa ajili ya maisha yake, lakini kwa ajili ya kanisa zima atakayesema ni mmoja tu. Page akakubali. Wanahistoria wengi huliweka tukio hili pembeni. Mimi naona hapo ndipo kanisa lilipookolewa lisisambaratike, na hapohapo ndipo mbegu ya hatari ilipopandwa, kwa sababu kuanzia siku ile hakukuwa na mtu ndani ya kanisa mwenye nafasi ya kumwambia nabii kwamba amekosea.

Wakati huohuo nje, Marekani iliyowazaa ilianza kuwatapika. Uhuru wa dini uliowapa nafasi ulieleweka na majirani kama uhuru wa maoni: amini upendalo, kaa kwako. Wamormoni hawakuwa maoni. Walihamia pamoja, walinunua ardhi pamoja, walipiga kura pamoja. Huko Independence, Missouri, ambako Smith alitangaza kuwa ni mahali pa Sayuni, wenyeji waliwashtumu pia kwamba wanawavutia Weusi huru kuingia jimbo la watumwa. Tarehe 20 Julai 1833 umati ulibomoa nyumba ya mhariri wao na mtambo wake wa kuchapa. Askofu Edward Partridge akapakwa lami na manyoya hadharani. Mary Elizabeth Rollins na mdogo wake Caroline, wasichana bado, waliokota karatasi za mafunuo zilizotupwa nje, wakakimbilia nazo shamba la mahindi na kujificha humo.

Mwaka 1838 mapigano yalizuka tena Missouri, na haki inataka isemwe kwamba safari hii Wamormoni nao walichoma nyumba na kupora. Gavana Lilburn Boggs alitoa amri ya tarehe 27 Oktoba kwamba wafukuzwe jimboni au waangamizwe. Siku tatu baadaye wanamgambo waliwaua watu 17 kwenye makazi ya Haun's Mill, akiwamo mtoto wa miaka 10 aliyejificha ndani ya karakana ya mfua chuma. Amri ya Boggs ilifutwa rasmi mwaka 1976. Taifa lililojisifu kwa katiba yake liliwatupa raia wake nje wakati wa baridi, na halikumwadhibu mtu.

Waliokimbia walijenga Nauvoo, Illinois, ukingoni mwa mto Mississippi, mji ulioshindana na Chicago ya wakati huo kwa ukubwa. Hapo Smith alikuwa nabii, meya, jenerali wa jeshi la wanamgambo, na mwaka 1844 mgombea urais wa Marekani. Kwa siri alikuwa pia ameoa wake wengi, wakiwamo wanawake waliokuwa na waume na msichana mmoja aliyekuwa hajatimiza miaka 15, huku hadharani akikana. Mkewe wa kwanza, Emma, aliyekuwa mmoja wa waandishi wake wa mwanzo na aliyezika watoto wao kadhaa wachanga, aliumizwa na jambo hili maisha yake yote. Kwangu hakuna muktadha wa karne ya 19 unaolisafisha. Mwanamke akiambiwa na mtu mwenye funguo za mbinguni kwamba Mungu ameagiza ndoa hiyo, ridhaa yake ina uzito gani?

Walioasi, wakiongozwa na William Law aliyewahi kuwa mshauri wa Smith, walichapisha toleo moja la gazeti tarehe 7 Juni 1844 wakifichua ndoa hizo na kulaani mchanganyiko wa kanisa na dola. Baraza la mji, Smith akiwa mwenyekiti, likaamuru mtambo uharibiwe. Miaka 11 tu ilikuwa imepita tangu mtambo wao wenyewe ubomolewe Missouri. Smith alijisalimisha, akafungwa Carthage, na tarehe 27 Juni umati wenye nyuso zilizotiwa weusi ulivamia jela na kumwua yeye na kaka yake Hyrum. Ulikuwa uuaji wa kikatili wa mahabusu aliyeahidiwa ulinzi na gavana. Wauaji waliopelekwa mahakamani waliachiwa huru.

Swali la mamlaka likarudi upya: nani sasa? Young alilishinda, akawapeleka walio wengi hadi bonde la Ziwa la Chumvi Julai 1847. Emma alibaki Illinois, na mwanawe akaja kuongoza kanisa jingine lililokataa ndoa za wake wengi.

Kuna mtu mmoja wa siku zile za mwanzo ambaye wasomaji wa Kiswahili wanapaswa kumjua, hasa leo ambapo kanisa hili lina hekalu Nairobi na maelfu ya waumini Lubumbashi. Elijah Abel, seremala Mweusi aliyezaliwa Maryland, alipewa ukuhani Kirtland mwaka 1836, Smith akiwa hai na akijua. Alihubiri hadi Kanada. Kisha mwaka 1852, huko Utah, Young alitangaza kwamba mtu mwenye asili ya Afrika hawezi kushika ukuhani, mwaka uleule bunge la eneo hilo lilipohalalisha utumwa. Abel aliomba mara kwa mara aruhusiwe ibada za hekalu, akakataliwa. Ukuhani aliokuwa nao hawakumvua. Akiwa mzee alikwenda tena misheni, akarudi mgonjwa, akafariki Desemba 1884. Zuio liliendelea hadi Juni 1978.

Mwaka 2013 kanisa lilitoa taarifa likikana nadharia zote zilizowahi kutumika kulihalalisha, ikiwamo ile ya laana ya Kaini, lakini halikutamka kwamba zuio lenyewe lilikuwa kosa. Lilikuwa kosa. Kama mbingu zilimpa Abel ukuhani mwaka 1836, basi Young mwaka 1852 hakuwa na ufunuo wa kuonyesha, alikuwa na cheo tu. Na cheo hicho kiliweza kufanya kazi hiyo kwa miaka 126 kwa sababu tangu siku ya Hiram Page hakukuwa na mwingine aliyeruhusiwa kusikia.